Ikifa Seva, Huduma Ife Nayo?

Hoja ya mjadala huu ni fupi: ofisi za Bagamoyo zinazoendesha kazi zao kwa seva moja iliyosukumwa chini ya meza ziachane na utaratibu huo, ziweke klasta ya seva tatu zinazobeba mashine pepe, ili seva moja ikifa huduma ibaki. Anayeitetea ni fundi wa mifumo. Wanaoipinga, kila mmoja kwa sababu yake, ni mhasibu anayeshika mkoba na mzee aliyestaafu kazi ya umeme. Mpokezi wa hospitali amekaa katikati, kwa sababu yeye ndiye anayetukanwa dirishani mfumo unapogoma. Wote wanne ni sauti nilizozitunga ili hoja zigongane. Matukio na tarehe wanazozitaja ni za kweli. Kiti cha msimamizi nimekikalia mwenyewe.

MSIMAMIZI: Fundi, anza wewe. Useme unachokitaka kwa Kiswahili cha mlipa kodi, usituletee cha muuza seva.

FUNDI: Ahsante, msimamizi. Mzee, shikamoo.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Endelea, masikio ninayo.

FUNDI: Ofisi nyingi zimerundika kazi zote kwenye chuma kimoja: mfumo wa wagonjwa, hesabu, mahudhurio, mafaili. Siku diski inapogoma au ubao mama unapoungua, tunasubiri kipuri kutoka Dar es Salaam, kilomita 70 hivi, tena kama kipo dukani. Ninachotaka ni kutenganisha huduma na chuma. Seva ni nyumba, mifumo ni wapangaji. Leo kila mpangaji amejengewa ukutani. Nyumba ikianguka, anaanguka nayo. Kuna programu iitwayo haipavaiza inayokaa juu ya chuma na kuigawa seva moja kuwa mashine pepe kadhaa, kila moja ina ufunguo wake na inajiona ina prosesa, memori na diski za peke yake. Kwa kuwa mpangaji hajashikamana na ukuta, anaweza kuhamishiwa nyumba ya jirani na mizigo yake yote. Wala jambo lenyewe si la majaribio. IBM walitoa VM/370 mwaka 1972 kwa kompyuta zao kubwa. VMware ilianzishwa 1998 na kulileta kwenye mashine za kawaida, Xen ikafuata 2003, na mwaka 2007 KVM ikaingia ndani ya Linux yenyewe.

MHASIBU: Kaka, hapo kwenye kuhama ndipo nisipoelewa. Mpangaji anahamaje kutoka nyumba iliyokwisha kuanguka?

FUNDI: Swali la haki, dada. Kuhama kuko kwa namna mbili, na wauzaji hupenda kuzichanganya. Namna ya kwanza ni kuhama seva ikiwa hai. Memori ya mashine pepe inanakiliwa kwenda seva ya pili huku kazi ikiendelea. Sehemu zilizobadilika wakati wa kunakili zinanakiliwa tena, na tena, mpaka kinachobaki ni kidogo sana. Hapo mashine inasimama kwa muda ambao kwa kawaida haufiki sekunde moja, kisha inaendelea upande wa pili. Aliye dirishani hajui kama kuna kilichotokea. Hiyo inanifaa ninapotaka kuongeza memori, kubadili feni au kupuliza vumbi. Namna ya pili ni seva kukata roho ghafla. Hapo memori imekwenda na chuma, hakuna cha kunakili. Klasta inachoweza ni kuiwasha upya mashine pepe kwenye seva nyingine, kutoka kwenye diski ambazo seva zote zinazifikia. Mfumo unaamka kama kompyuta iliyochomolewa waya: hifadhidata inasoma kumbukumbu yake ya miamala, inatengua iliyoishia njiani, kisha inafungua mlango.

MHASIBU: Kwa hiyo kuzima kupo.

FUNDI: Kupo, kwa dakika chache. Anayekuahidi kwamba klasta ya namna hii haitakatika hata sekunde, mwambie aiandike ahadi hiyo kwenye mkataba, uone atakavyokohoa.

MPOKEZI: Ndugu zangu, dakika tano naziweza. Nawaambia watu "subirini kidogo, mtandao unasumbua", naandika majina kwenye daftari, mambo yanakwenda. Kinachonishinda ni siku tatu. Siku ya pili daftari limejaa, mgonjwa aliyelipia jana haonekani popote, maabara hawajui nani kaandikiwa kipimo gani, na kumbukumbu namba ya malipo haitoki, kwa hiyo hata mwenye pesa mkononi hana pa kulipia. Mimi mashine pepe sizijui. Nataka siku tatu zigeuke dakika tano.

MHASIBU: Nami nataka nijue bei ya kuzigeuza. Wauzaji wanakuja na tisa zao. Asilimia 99.9 ya mwaka maana yake huduma inakosekana saa 8 na dakika 45. Asilimia 99.99 ni dakika 52 na nusu. Asilimia 99.999 ni dakika 5 na robo. Kila tisa unayoiongeza inakula bajeti kuliko iliyotangulia. Sasa nifanyieni hesabu hii. Tuseme klasta yake inafika 99.99. Umeme wa ofisi, pamoja na jenereta, tuuweke 99. Laini ya mawasiliano nayo 99. Mgonjwa anavihitaji vyote vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo tunazidisha, tunapata 98. Asilimia mbili za mwaka ni siku saba na ushee. Tukibaki na seva yetu kuukuu, nayo tuipe 99, tunapata 97, yaani siku kumi na moja kasoro kidogo. Nimelipia seva tatu, nimepata siku tatu na nusu. Kwa bei hiyo bora ninunue jenereta ya maana.

FUNDI: Hesabu ni sahihi, dada, ila wastani unaficha jambo. Seva haizimiki saa moja leo na saa moja wiki ijayo. Inafanya kazi miaka minne bila hata kikohozi, kisha inalala wiki mbili mfululizo tukisubiri kipuri. Ukigawanya wiki mbili kwa miaka minne unapata hiyohiyo asilimia 99 yako. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa huyu bibie wa dirishani, ni wiki mbili.

MZEE: Wiki mbili unaziona nyingi? Mwanangu, pwani hii imewahi kukaa miezi mitatu.

MSIMAMIZI: Mzee, tupe kisa hicho.

MZEE: Ukitoka hapa kwenda kusini kwa pwani, kabla hujaingia mjini Dar es Salaam, unakuta Ras Kiromoni. Hapo ndipo waya wa umeme unapozama baharini kwenda Fumba, Unguja. Tangu 1980 waya huo ulikuwa mmoja, wa megawati 45. Ulifanya kazi karibu miaka thelathini, na kitu kikifanya kazi miaka thelathini watu husahau kwamba kipo kimoja. Mei 2008 ikatokea hitilafu, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Tukasema somo tumelipata. Desemba 2009 giza likarudi, na safari hii umeme ulisubiriwa mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilinyamaza, wenye mahoteli wakaishi kwa jenereta, mafundi cherehani na wachomeleaji wakakaa barazani. Waya wa pili, wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia shirika la MCC, ulianza kazi 2013.

MPOKEZI: Tena giza lile liliacha alama kwa wasiokuwa wamezaliwa. Mchumi Alfredo Burlando alichunguza uzito wa watoto waliozaliwa Unguja baada ya mwezi ule wa 2008, akakuta waliokuwa tumboni wakati wa giza walizaliwa na uzito mdogo, na akaihusisha hali hiyo na kipato kilichokatika majumbani. Kwa hiyo mtu asiniambie huduma ikikosekana hasara ni usumbufu tu.

FUNDI: Basi mzee ameniunga mkono. Waya mmoja ni hatari, nyaya mbili ni salama. Na hesabu inasema hivyo: seva mbili, kila moja ikiwa na 99, kwa pamoja zinafika 99.99, kwa sababu ili huduma ife lazima zife zote mbili kwa saa moja.

MZEE: Hujanisikiliza mpaka mwisho. Nyaya sasa ni mbili, alhamdulillahi. Lakini zote mbili zinaanzia Ras Kiromoni, na zote mbili zinakunywa kutoka Gridi ya Taifa. Aprili 1, 2024 gridi ilipopata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme, waya wa pili ungesaidia nini? Ungekuwa na nyaya kumi, zingelala kumi. Hesabu yako ya 99 kwa 99 inataka kila kimoja kife kwa sababu yake. Vikiwa na sababu moja ya kufa, umenunua viwili ukapata kimoja. Sasa niambie, hizo seva zako tatu zitakaa wapi?

FUNDI: Chumba cha seva.

MZEE: Kimoja?

FUNDI: Kimoja.

MZEE: Soketi zinatoka kwenye laini ngapi? UPS, yaani betri za kushikilia umeme, ziko ngapi? Kiyoyozi kimoja au viwili? Maana nimeviona vyumba hivyo. UPS imewekwa kushikilia seva, kiyoyozi hakimo. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma kuwaka, seva zinaendelea kujichemsha zenyewe ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na UPS ndiyo inayozilipia moto huo. Betri zenyewe za risasi hupimwa kwa nyuzi joto 25. Kila nyuzi kumi zinazoongezeka umri wake unakatika nusu hivi. Anayeziweka kwenye kona ya joto anashangaa mwaka wa pili zikimwangusha kabla jenereta haijashika. Na msisahau tuko pwani. Mji huu unavuna chumvi pale Nunge. Hewa ileile inaingia dirishani na kula miguu ya kadi za memori. Seva tatu za chumba kimoja, mimi naziita seva moja yenye vichwa vitatu.

MSIMAMIZI: Fundi, unajibu au unakubali?

FUNDI: Nakubali nusu. Klasta yangu inaondoa kifo cha seva, basi. Kifo cha chumba haikigusi. Kwa hiyo nabadilisha ombi: seva zisikae pamoja zote. Mbili katika jengo moja, kila moja kwenye UPS yake na laini yake ya umeme. Ya tatu jengo la pili la uwanja huohuo, kwa waya wa faiba. Swichi za mtandao nazo ziwe mbili, maana nimeona klasta nzuri zikininginia kwenye swichi moja ya bei ya kutupa. Na data isikae kwenye sanduku moja la diski linalotegemewa na seva zote, kwa sababu sanduku hilo nalo ni moja. Programu kama Ceph huweka nakala tatu za kila kipande cha data, kila nakala kwenye seva yake. Ila jengo la seva mbili likiungua nitabaki na seva moja isiyo na akidi, na nitaiwasha kwa mkono. Hilo nalisema mapema.

MHASIBU: Akidi? Hii ni klasta au kikao cha baraza? Na kwa nini tatu? Nilidhani mbili zingetosha.

FUNDI: Ni kikao hasa, dada. Seva mbili zikipotezana mawasiliano, kila moja inadhani mwenzake amekufa. Zote mbili zinaiwasha mashine pepe ileile, zote zinaandika kwenye data ileile, na asubuhi una madaftari mawili yanayopingana. Hilo ni baya kuliko kuzima. Zikiwa tatu, upande wenye kura mbili unaendelea na aliyebaki peke yake ananyamaza. Na kabla klasta haijaiwasha upya huduma, inamzima kwa nguvu yule inayemshuku amekufa, ili asije akazinduka katikati ya kazi. Asiye na fedha za seva tatu aweke mbili na kompyuta ndogo pembeni iwe shahidi: haibebi mfumo wowote, inapiga kura tu. Sharti jingine ni nafasi. Kwa seva mbili, kila moja isibebe zaidi ya nusu ya uwezo wake. Kwa tatu, isizidi theluthi mbili. Vinginevyo mmoja akifa, wapangaji wake hawana pa kulala.

MHASIBU: Yaani ninunue seva tatu, kisha theluthi ya uwezo niiache tupu. Mkaguzi akija nimwambie nini?

MZEE: Mwambie hata mitambo ya umeme huendeshwa na akiba inayozunguka bila kutumika, ili mtambo mmoja ukianguka mwingine uinue mzigo. Gridi iliyobanwa mpaka mwisho haihitaji adui. Mtambo mmoja ukitoka, mingine inafuatana. Akiba ni matumizi, mwanangu, haina haja ya kutafutiwa kazi.

MHASIBU: Nimekuelewa, mzee. Lakini mbona tunajitaabisha? Kijitonyama kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kinachoendeshwa na TTCL, kimejengwa kwa kazi hii hasa. Serikali ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, ina sheria yake ya 2019. Tupeleke kila kitu huko, tulipe ada, tufunge chumba cha seva tukigeuze stoo ya karatasi.

FUNDI: Sikatai, na huko nako utakuta mashine pepe hizihizi. Kasoro ni njia. Mfumo ukiwa Dar es Salaam na mpokezi akiwa Bagamoyo, tingatinga la barabara likichimba faiba hospitali inasimama, hata kama seva za huko zina afya tele. Wako wanaokwenda mbali zaidi, wanaweka mifumo Ulaya kwa sababu ni rahisi kuifungua kwa kadi ya benki. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, sehemu ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hizo mwenye mfumo ndani ya jengo lake anaendelea na kazi. Aliyeuweka Dar es Salaam ana nafuu, maana watoa huduma wa ndani hubadilishana mawasiliano hapohapo kwenye kituo cha TIX bila kuvuka bahari. Aliyeuweka ng'ambo anatazama kiduara kikizunguka.

MZEE: Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka hapa kwenda Dar es Salaam, kwa sababu bandari yetu ni ya maji mafupi. Tangu hapo kila kizito kinahamia Dar es Salaam, na Bagamoyo tunabaki kungoja jibu.

MHASIBU: Mzee, huo ni uchungu wako wa zamani, hauingii kwenye bajeti yangu. Ila kwa wanaokimbilia ng'ambo nakubali: taarifa za wagonjwa zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 juu yake, mtu hazitoi nje ya nchi kama anayetuma picha za harusi.

FUNDI: Basi tugawane. Kinachohitajika dakika kwa dakika dirishani kikae hapa, karibu na mgonjwa. Kinachoweza kungoja, kama barua pepe, tovuti na ripoti za mwezi, kiende Dar es Salaam. Na nakala ya kila kitu ilale Dar es Salaam kila usiku. Uzuri wa mashine pepe ni kwamba ni faili: Bagamoyo ikipatwa na la kupatwa, faili hilo linawashwa huko bila kutafuta seva ya aina ileile.

MPOKEZI: Hapo ndipo nilipokuwa napangojea. Tangu mmeanza mnazungumzia kuwaka na kuzima. Mimi zaidi ya kuzima naogopa kupotea. Si umesema kila kipande kina nakala tatu? Nakala ya usiku ya nini tena?

FUNDI: Kwa sababu nakala hizo tatu ni watiifu mno. Ukifuta faili la mgonjwa kwa bahati mbaya, linafutwa mara tatu kwa wakati mmoja. Kirusi kikifunga data kwa kufuli ya fidia, kinafunga zote tatu. Klasta inalinda dhidi ya chuma kibovu, haina kinga dhidi ya mkono uliokosea wala mwizi. Nakala ya akiba ni ile iliyotengwa mbali, ambayo mfumo unaoendelea hauwezi kuigusa.

MZEE: Na mwizi amerahisishiwa. Zamani wapangaji kumi walikuwa na nyumba kumi na makufuli kumi. Sasa uko ufunguo wa mwenye nyumba unaofungua vyumba vyote.

FUNDI: Ni kweli. Februari 2023 wahalifu walizivamia seva za VMware ESXi sehemu nyingi duniani kupitia tundu ambalo dawa yake ilikuwepo tangu 2021. Hawakuhitaji kuingia mfumo mmoja mmoja. Walifunga mafaili ya mashine pepe kutoka chini, vyumba vyote kwa mpigo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha.

MHASIBU: Na moto? Mtu aliniambia wakubwa nao huungua.

FUNDI: Huungua sana. Machi 10, 2021 kituo kimoja cha OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na wapo wateja waliogundua siku hiyo kwamba nakala zao za akiba zilikuwa jengo hilohilo. Septemba 26, 2025 betri za lithiamu ziliwaka moto katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo 709 ya serikali ikasimama, na hifadhi ya pamoja ya watumishi, terabaiti 858, ikaangamia kwa kuwa haikuwa na nakala mahali pengine. Korea Kusini, jamani, mojawapo ya nchi zinazoongoza kwa intaneti.

MPOKEZI: Basi mkumbuke nini kinahifadhiwa mji huu. Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi hapa Bagamoyo. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza 2009 katika nchi saba za Afrika, yalifanyika hapa pia. Baadaye ikaja R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, nayo Bagamoyo ilikuwa kituo kimojawapo cha majaribio. Mtoto amefuatiliwa kwa miaka, kapimwa damu, homa zake zimeandikwa. Taarifa ya namna hiyo ikipotea huwezi kurudi kuikusanya. Mtoto amekwisha kukua. Huduma ikikatika saa nzima nitaomba radhi dirishani. Taarifa ikipotea nitamwomba radhi nani?

MSIMAMIZI: Mhasibu, umekaa kimya ghafla.

MHASIBU: Nilikuwa napiga hesabu ya leseni. Kaka ametaja VMware mara mbili. Broadcom waliinunua Novemba 2023 kwa dola bilioni 69 hivi, na mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kulipia kwa muda, ukikoma kulipa umekoma. Mimi sitaki mfumo wa wagonjwa ushikwe na bei inayoamuliwa California.

FUNDI: Ndiyo maana pendekezo langu ni Proxmox, iliyotoka Vienna mwaka 2008 na kujengwa juu ya KVM na Linux. Programu yenyewe haina ada ya leseni, chanzo chake kiko wazi, unalipia msaada ukitaka. Akidi, kuhama na kuwasha upya vyote vimo.

MHASIBU: Vizuri. Seva tatu, UPS mbili, swichi mbili, nakala tatu na moja Dar es Salaam. Umeviorodhesha vyote vilivyokuwa kimoja ukavifanya zaidi. Kimoja umekiruka.

FUNDI: Kipi?

MHASIBU: Wewe. Uko wangapi, kaka? Nywila zote unazo wewe, waya gani unaingia wapi unajua wewe. Ukiugua, ukienda masomoni, ukapata kazi yenye mshahara mzuri Masaki, klasta yako tutaiangalia kama tunavyoangalia magofu ya Kaole: tunajua ni ya thamani, hatujui ilivyokuwa inafanya kazi. Seva kuukuu ya chini ya meza angalau kila mtu anajua kuizima na kuiwasha. Hii yenye akidi na kura, nani ataigusa?

MZEE: Hapo, mwanangu, bibie amekuweka kona.

FUNDI: Amenipata. Ugumu ni bei ambayo haimo kwenye ankara. Klasta iliyofungwa vibaya inaweza kuzima mara nyingi kuliko seva moja iliyotunzwa vizuri. Basi niongeze kwenye ombi: mtu wa pili afundishwe kabla chuma hakijanunuliwa, ramani ya mfumo ichorwe kwenye karatasi, nywila zifungwe kwenye bahasha kwa mkuu wa ofisi.

MPOKEZI: Na daftari langu lisiondolewe. Fomu za karatasi zibaki kwenye droo ya dirisha, zilingane na kurasa za mfumo, ili mkifufuka niweze kuingiza yaliyoandikwa bila kubahatisha.

MSIMAMIZI: Nimewasikia, na nafunga. Hoja inapita, kwa marekebisho makubwa. Fundi ameshinda pale aliposema huduma isijengewe ukutani. Mashine pepe ndiyo njia ya gharama nafuu kuliko zote ya kugeuza wiki mbili za kungoja kipuri kuwa dakika chache za kuwasha upya, na programu zake leo zinapatikana bila ada ya leseni. Ila ushindi wake unaishia kwenye chuma. Mzee ameonyesha kwa kisa cha Ras Kiromoni kwamba kuongeza idadi hakusaidii kama sababu ya kufa imebaki moja, na mhasibu amekuta kimoja ambacho hakuna muuzaji angekitaja.

Kwa hiyo anayetaka kufuata njia hii aanze na karatasi tupu. Aandike kila kitu ambacho ofisi inacho kimoja: laini ya umeme, jenereta, UPS, kiyoyozi, chumba, swichi, laini ya intaneti, nakala ya data, mtu anayejua. Mbele ya kila kimoja aandike kikifa leo, huduma inarudi baada ya muda gani na nani anairudisha. Fedha za kwanza ziende kwenye nakala ya akiba iliyo nje ya Bagamoyo, kwa sababu hicho ndicho kisichorudishwa na fedha. Za pili ziende kwenye umeme na ubaridi. Za tatu ziende kwa mtu wa pili. Klasta ni ya nne, na ikifika zamu yake itakuta msingi wa kuikalia.

Na ombi la fedha za klasta lisipokewe bila tarehe ya zoezi: siku ya kazi, saa nne asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye foleni na fomu zikiwa droo ya mpokezi, mhasibu aingie chumba cha seva, achague seva moja bila kumuuliza fundi, achomoe waya. Baada ya hapo nakala ya juzi iwashwe Dar es Salaam, mpokezi atafute humo jina la mgonjwa wake. Asiyethubutu kupanga tarehe hiyo, fedha zake zibaki kwa mhasibu.